Milimita moja ni buku

Kila nikisema nafundisha vipimo, watu wanadhani niko maabara napima malaria. Shangazi yangu mpaka leo ananielekezea majirani wenye homa.

Ninachofundisha ni kupima vyuma na plastiki: kipenyo cha shafti, unene wa ukuta wa bomba, kina cha tundu, mpaka sehemu ya mia ya milimita. Wanafunzi ni watu wazima. Chumba ni cha kupanga, Vingunguti, Dar es Salaam, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, na tunakutana Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, wiki kumi mfululizo. Awamu hii wako kumi na wanne. Wengi ni waendesha mashine wa viwanda vya huku Barabara ya Nyerere, ambao siku moja meneja aliamka akasema kila mtu ajue kusoma vernia, kile chombo chenye taya mbili na mistari ya kusomea sehemu ndogo za milimita. Wanne ni mafundi wa mtaani wanaojiandaa kwenda kupimwa ujuzi VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kwa ule mpango wa kumtambua fundi aliyejifunzia kazi nje ya darasa. Mmoja alikuwa fundi cherehani. Na mmoja ni mzee wa Gerezani, mtaa wa mafundi wa vyuma hapa Dar.

Mzee ana miaka sitini na moja. Alianza kuchonga shafti mimi nikiwa shule ya vidudu. Kwa hiyo kabla sijamsahihisha lazima nimwamkie: "Shikamoo, mzee wangu." "Marahaba, madam." Halafu ndiyo nafungua daftari.

Jumamosi ya kwanza nilimpa kipande cha chuma cha duara nikamwuliza kipenyo chake. Vernia niliyomwekea mezani hakuigusa. Alikishika kwa vidole viwili, akakizungusha, akakipima uzito kiganjani kama mtu anayechagua embe, akasema, "Ishirini na tano hii. Beringi yake inaingia ya kubisha kidogo." Darasa zima likaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimekipima nyumbani kwa maikromita, chombo cha kuzungusha kinachopima kwa undani kuliko vernia, usiku uliotangulia, nikapata 25.01. Ukienda kwenye majedwali ya wahandisi, shafti ya milimita 25 inayotakiwa kukaa imara ndani ya beringi kwa daraja linaloitwa k6 inatakiwa iwe kati ya 25.002 na 25.015. Mzee alikuwa ndani ya mstari, kwa vidole.

Mwalimu anayeanza darasa kwa kuwaambia watu kama hawa kwamba hawajui kupima ameshapoteza darasa. Wanajua. Sikiliza tu maneno yao: hii inapwaya, hii inaingia kwa mkono, hii ya kubana, hii ya kubisha, hii ya nyundo, na hii mpaka beringi uichemshe kwenye oili kwanza. Hizo ni ngazi sita za mkao, zimepangwa kwa utaratibu, na kila fundi wa Gerezani akisema "ya kubisha" mwenzake anaelewa. Vitabu vimezipa herufi na namba, basi.

Shida inaanza pale shafti inapochongwa Dar na beringi iko Mbeya. Mteja anapiga simu: nichongee, nitume kwa basi. Vidole vya mzee haviwezi kupanda basi. Namba inaweza.

Sasa hizo namba. Nilipoanza kufundisha, miaka sita iliyopita, nilianza na desimali kama nilivyofundishwa mimi: sehemu ya kumi, sehemu ya mia, sehemu ya elfu. Wiki ya pili watu watatu hawakurudi. Si kwamba ni wazito. Ni watu wanaopiga hesabu ya duka kichwani huku wanaongea na wateja wawili, lakini wakiona 0.05 wanarudishwa darasa la tano, kwenye benchi, na fimbo ya mwalimu iko juu ya meza. Mwili unakumbuka. Na mtaani kuna neno baya kabisa kwenye fani hii, nalo ni "pointi". Fundi anamwambia kijana wake, "Toa pointi tano." Pointi tano ipi? 0.5 au 0.05? Mmoja anakusudia hii, mwingine anasikia ile, na chuma ukishakitoa hakirudi.

Jibu nililipata kwenye daladala. Konda alikuwa anabishana na abiria kuhusu chenji ya jero, na mama mmoja asiye na haraka akawapigia hesabu ya watu watano kwa pamoja bila karatasi. Nikasema, hawa wana desimali zote wanazohitaji. Jumamosi iliyofuata niliandika ubaoni: MILIMITA MOJA NI BUKU.

Wasomaji wa Kenya, buku kwetu ni shilingi elfu moja, jero ni mia tano. Ukikubali hilo, mengine yanajipanga. Nusu milimita ni jero. Sehemu ya kumi ya milimita ni shilingi mia. 0.05 ni shilingi hamsini, ile sarafu ndogo. Sehemu ya mia ni shilingi kumi, sarafu ambayo vijana wangu wengine hawajawahi kuishika, na hilo lenyewe linawaambia ni kitu kidogo kiasi gani. Maikroni, yaani sehemu ya elfu, ni shilingi moja. Milimita kumi ni msimbazi. Inchi ni buku ishirini na tano na mia nne, haiongezeki wala haipungui, ndivyo mataifa yanayotumia inchi yalivyokubaliana mwaka 1959. Hakuna tena mtu wa kuchanganya 0.5 na 0.05, kwa sababu hakuna mtu mzima Dar es Salaam anayechanganya jero na hamsini. Ukimpa hamsini badala ya jero utamsikia.

Na kwa bahati njema maikromita yenyewe ni kama imetengenezwa na mtu wa kwetu. Uzi wake wa ndani unasogea nusu milimita kwa mzunguko mmoja. Ukizungusha mara moja, jero. Mara mbili, buku. Pipa lake linalozunguka lina mistari hamsini, kila mstari shilingi kumi. Kosa kubwa la wanaoanza ni kutoona ule mstari wa nusu uliojificha chini ya mstari mkuu, wakasoma 12.23 mahali pa 12.73. Zamani nilikuwa naeleza kosa hilo kwa dakika ishirini. Siku hizi nasema, "Umesahau jero," na mtu anarudi mwenyewe kuitafuta.

Vernia ni ngumu zaidi kueleza. Natumia watu wawili wanaotembea. Wa juu hatua yake ni buku kamili. Wa chini kila hatua yake ni pungufu ya buku kwa shilingi ishirini, kwa sababu kwenye vernia zetu milimita 49 zimegawanywa hatua hamsini. Wakianza pamoja, yule wa chini anazidi kuachwa nyuma. Sasa ukimsogeza wa chini mbele kidogo, kutakuwa na hatua moja tu ambapo miguu yao inalingana. Hesabu hatua, zidisha kwa ishirini. Tunalifanya kwa miguu hasa, kwenye korido, na vijana wa karakana ya mageti wanakuja kutuangalia. Mfaransa Pierre Vernier alipolitangaza wazo hili mwaka 1631 sidhani kama alifikiria watu wakanyagane korido ya Vingunguti.

Vernia za kidijitali nimezipiga marufuku mpaka wiki ya sita. Zinauzwa Kariakoo kwa bei nafuu, zina kioo, zinakuandikia namba, na mtu akishaandikiwa namba hafikirii tena kama taya zimekaa mraba, kama kuna chembe ya chuma katikati, kama ikifungwa inasoma sifuri. Kisha betri inaisha katikati ya kazi. Nawaambia: chombo chochote, kabla hujapima kitu, funga taya uone sifuri. Wakiingia darasani nimeshachezea sifuri ya chombo kimoja makusudi. Anayekigundua ananunuliwa soda.

Kuna jambo moja linaniudhi na nitaliandika hapa kwa sababu blogu ni yangu. Majina. Nusu ya tabu ya kufundisha vipimo ni kuwatoa watu kwenye majina. Bomba la maji la chuma la "nusu inchi": lipime nje upate milimita 21.3, pima ndani upate kama 16. Nusu inchi ni 12.7. Haiko popote kwenye hilo bomba. Ni jina tu, kama mtu mnene anayeitwa Kijiti. Halafu bolti. Fundi magari anakwambia, "Nipe bolti ya kumi na tatu." Hiyo kumi na tatu ni spana. Bolti yenyewe ni ya milimita 8. Ukienda kwenye Toyota, bolti ya milimita 8 ileile kichwa chake kinaingia spana ya 12. Kwa hiyo "ya kumi na mbili" na "ya kumi na tatu" zina uzi mmoja, na kuna watu wanakataa katakata mpaka uwafungie nati moja kwenye bolti zote mbili mbele ya macho yao. Siku ya somo hilo darasa linakuwa na kelele kuliko karakana.

Anayenifurahisha siku hiyo ni yule dada aliyekuwa fundi cherehani. Yeye tangu zamani anaishi na namba zinazotofautiana na mwili. Alituambia bibi yake Tanga alikuwa anapima kitambaa kwa mkono, na kulikuwa na dhiraa mbili: dhiraa kamili, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na dhiraa konde, kutoka kiwiko hadi ngumi iliyofumbwa. "Mteja akisema dhiraa nne, bibi anauliza kwanza: konde au kamili?" Nikamwomba arudie hilo, taratibu. Wahandisi wanaandika vitabu vizima kufika pale alipofika bibi yake kwa swali moja. Dada huyu sasa yuko kwenye mashine ya kuumba vifuniko vya plastiki, na ndiye pekee awamu hii ambaye tangu siku ya kwanza, nikimpa kitu apime, anauliza, "Nipime wapi?"

Macho.

Nilichelewa sana kugundua hili, na walionilipa ada miaka ya mwanzo wanisamehe. Nilikuwa na wanafunzi wa miaka arobaini na tano kwenda juu ambao kila nikiwaelekeza mistari ya vernia wanasema "nimeelewa, madam", halafu wanakwepa. Wanampa jirani asome. Wanaenda chooni. Mmoja alinilaumu kwamba chombo changu kibovu. Nikawaandika kwenye kichwa changu: hawa hesabu imewashinda. Mzee wa Gerezani naye alianza hivyohivyo. Wiki ya pili nilimwona anashika vernia kwa mkono ulionyooka kabisa, mbali na uso, kichwa amekirudisha nyuma, kama mtu anayekwepa moshi. Marehemu baba yangu alikuwa anasoma gazeti vile.

Sikusema kitu mbele ya watu. Wiki ya tatu nilikuja na miwani mitano ya kusomea, namba tofauti, ile ya kwenye vibanda vya barabarani, nikaiweka mezani pamoja na vernia na rula za chuma, kama kifaa kingine tu cha darasa. Nikavaa mmoja mimi mwenyewe, maana nami nimeshaanza. Mzee akajaribu wa kwanza, wa pili, wa tatu akanyamaza. Akasoma 18.46 bila kusita. Akapima kingine. Akapima kalamu yangu, akapima ufunguo wa nyumba yake, akapima pete ya fundi cherehani. Kuanzia awamu ijayo miwani itakuwa mezani tangu wiki ya kwanza, na taa nimeongeza mbili juu ya benchi. Sijui ni wangapi niliwafelisha kwa sababu ya kibanda cha miwani nilichokuwa nakipita kila siku kituoni.

Wiki ya tano ndiyo ninayoisubiri.

Nina shafti moja ya urefu wa milimita 150. Siku hiyo naiweka mezani na kusema, "Hii ni ya beringi 6205." Wanajua maana yake, kwa sababu tumeshafundishana: kwenye beringi za aina hiyo chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha mara tano, unapata tundu. 05 mara tano, 25. Kisha kila mtu anakwenda peke yake kwenye meza ya pembeni, anapima kwa vernia, anaandika kipenyo kwenye kikaratasi bila jina, anakitumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga. Hakuna kuongea.

Safari hii nikamwaga kopo. Karatasi kumi na moja: 25.00, au 25 tu. Moja 25.98. Moja 24.98. Moja ilikuwa na namba tatu: 25.02, 24.98, 24.94, na mchoro mdogo wa shafti wenye mishale.

Ile 25.98 ilikuwa 24.98 iliyosomwa vibaya. Sifuri ya vernia ilikuwa karibu mno na mstari wa 25, mtu akaihesabu 25 kabla hajaifikia. Buku nzima imeongezeka, lakini angalau alisoma alichokiona. Yenye namba tatu ilikuwa ya dada, na ndiyo yenye jibu. Shafti ile niliichongesha makusudi, ina tepa: upande mmoja mnene kuliko wa pili kwa shilingi themanini. Ukiipima kwa uangalifu, 25.00 unaipata kwenye kipande kimoja tu upande wa ncha nene, kama robo ya shafti. Na watu kumi na mmoja walikipata!

Nikawaambia wapime tena, ncha moja, katikati, ncha ya pili. Kimya kikawa kirefu. Kijana mmoja wa kiwanda akasema, "Mimi niliona 24.94. Nikadhani nimekosea." Mwingine akasema vilevile. Mwingine akasema hakupima kabisa, kwa nini apime kitu ambacho mwalimu ameshasema. Nikamshukuru kwa ukweli wake.

Mwandiko wa mzee nilikuwa naujua. 25.00, mbili na tano zake zenye mkia. Nilimngoja darasa litoke. Shikamoo tena, maana jambo lilikuwa zito kidogo. Nikamwuliza kama hakuiona tepa.

"Niliiona kabla sijaipima," akasema. "Nilivyoishika tu."

"Sasa mbona umeandika ishirini na tano kamili?"

Akavua miwani, akaifuta na shati. "Madam, nilisema huyu mtoto wa watu kachongewa vibaya huko, kalipa hela yake, sasa mimi nimuumbue mbele ya hawa vijana? Nikakusitiri."

Nilikosa la kusema. Miaka yote nikirudia somo hili nilikuwa nadhani nashindana na uvivu, au woga, au macho. Kumbe karatasi nyingine kwenye kopo ni za adabu. Mtu ameona, amejua, na ameandika namba ya heshima.

Nami nina namba zangu za namna hiyo. Kabla ya kufundisha nilikuwa mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda kimoja cha mabomba ya plastiki. Jina halina kazi hapa. Kila baada ya saa mbili nilitakiwa kukata kipande cha bomba la milimita 110, kupima unene wa ukuta, na kujaza fomu. Unene uliotakiwa ulikuwa 3.2. Mwanzoni nilipima. Nilipima mahali pamoja, upande ulionikabili, nikapata 3.2 au 3.3, nikaandika. Baada ya miezi michache zamu za usiku zikawa ndefu, msimamizi wa mashine alikuwa mtu mwema aliyeniletea chapati, na kila nikiandika 3.0 yeye ndiye anayeitwa ofisini asubuhi. Nikaanza kuandika 3.2. Kisha nikaacha kukata vipande. Nilikuwa najaza fomu ya usiku mzima saa tano, kwa kalamu mbili tofauti ili ionekane.

Lori likarudi na mabomba yaliyopasuka upande mmoja. Mhandisi akakata pete moja akaipima mahali panane kuzunguka: sehemu moja 3.6, sehemu ya mkabala 2.8. Kifaa cha kutolea plastiki kilikuwa kimehama kutoka katikati, ukuta mmoja unanenepa, wa pili unakonda. Ukichukua wastani wa zile nane unapata 3.2. Akatandaza fomu zangu za mwezi mzima mezani, 3.2 kutoka juu hadi chini, akaniangalia. Hakufoka. Alisema, "Dada, hata moyo wako haupigi sawa hivi."

Sikufukuzwa. Nilihamishiwa stoo, nikakaa mwaka, nikaondoka. Wanafunzi huwa nawasimulia hadithi hii wiki ya tano baada ya kopo, na safari hii niliisimulia nikimwangalia mzee zaidi kuliko nilivyokusudia.

Wiki ya sita nilibadilisha sheria moja. Fomu zetu za darasa sasa zina safu ya pili pembeni ya namba: umepima wapi. Na namba ikifanana mara tatu mfululizo, mwandishi anaulizwa maswali. Namba inayocheza haiulizwi kitu. Vijana wa viwandani wamenionya kwamba wakiandika hivyo kazini wataitwa wakorofi. Kijana mmoja alishaitwa. Aliandika 24.97 akaambiwa arekebishe. Akamwomba msimamizi wake aje apime yeye, aandike yeye, asaini yeye. Msimamizi akapima, akakaa kimya, akasimamisha mashine. Imeishia hapo kwa sasa. Wengine hawatakuwa na msimamizi wa hivyo, nalijua hilo, na sina dawa yake kwenye somo la vernia.

Somo la joto nilifikiri litakuwa langu peke yangu. Naleta chupa ya chai yenye maji ya moto na vipande viwili vya milimita 50, kimoja aluminiamu, kimoja chuma. Tunapima, tunavizamisha dakika tano, tunavitoa kwa koleo na kupima harakaharaka. Aluminiamu inaongezeka kama shilingi sitini, chuma kama thelathini. Ndiyo maana tangu mwaka 1931 dunia imekubaliana kwamba kipimo cha kitu kitajwe kama kilivyo kwenye nyuzi joto 20, joto ambalo chumba changu cha mabati hakijawahi kulionja. Kipimajoto siku hiyo kilisema 33. Shafti na beringi vyote vikiwa vya chuma na vimekaa chumba kimoja, haina neno sana, vinavimba pamoja. Hatari ni kupima shafti ikiwa bado inatoa moshi wa kukatwa.

Nilipomaliza mzee akasema, "Ndiyo maana mimi nikishakata mkato wa mwisho huwa naenda kunywa kahawa na kashata. Nikirudi ndiyo napima." Nikamwuliza nani alimfundisha. Akasema hakuna, aliyemfundisha kazi naye alikuwa mnywaji wa kahawa.

Shafti ya kopo imechakaa. Imepita mikono mingi yenye jasho la Dar, ncha nene imeota kutu na nimeisugua mara kadhaa. Juzi nimeipima imebaki 25.00 pale ilipokuwa 25.02. Yaani sasa waandishi wa 25.00 wangekuwa na haki. Nahitaji nyingine kabla ya awamu ijayo, nikampa mzee oda: milimita 150, ncha moja 25.02, ncha ya pili 24.94, ishuke sawasawa.

Alicheka mpaka akashika benchi. "Miaka thelathini na nane naitafuta tepa niiondoe. Leo unanilipa niitie!"

Akachukua kalamu, akachora upande wa nyuma wa fomu mashine ya kuchongea na kichwa chake cha nyuma, kile kinachoshikilia ncha ya pili ya shafti, akaandika namba mbili, akatoa ndogo kwenye kubwa, akagawa kwa mbili. Sikuwa nimemfundisha kugawa kwa mbili pale. Kwenye mtaala wangu halimo.

"Kichwa cha nyuma nakisogeza shilingi arobaini," akasema. "Sivyo, madam?"